Nafasi ya Kazi au Karakana? Uhakiki wa Istilahi za Kupangia Kazi ya Mtengeneza Programu

1. Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, kazi ya kusanifu istilahi imeendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa njia ya orodha. Fani hutoa maneno yake ya kigeni, wataalamu hukaa, na kila neno la kigeni huandikiwa neno la Kiswahili ubavuni mwake. Hapana shaka kwamba njia hii imelifaa taifa. Bila ya orodha hizo mwalimu wa sayansi, hakimu na karani wa benki wangalikuwa kila mmoja na Kiswahili chake. Hata hivyo njia ya orodha ina udhaifu mmoja, ambao hauonekani mpaka istilahi zitoke katika karatasi na kuanza kutumika: hulitazama kila neno peke yake, kana kwamba halina jirani.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza udhaifu huo katika fungu dogo la istilahi ambazo siku hizi zimeanza kuingia maofisini na mashuleni. Nazo ni istilahi za programu ambazo watengeneza programu za kompyuta huzitumia kuwekea miradi yao, kazi zao na maandishi yao mahali pamoja. Tutajaribu kuonyesha kwamba majina yaliyoenea hadi sasa yanagongana, na kwamba baadhi yake yalikwisha kuwa na kazi nyingine katika lugha kabla ya kuitwa huku. Tutaonyesha pia kwamba Kiswahili cha kazi, hasa cha Tanga na mwambao wake, kina maneno yanayoweza kuubeba mpango mzima. Mwisho tutaeleza kwa nini uchaguzi huu si wa urembo tu, kwa kuwa maneno ya kuandikia kazi ya mtu huishia mara nyingi kusema jambo juu ya mtu mwenyewe.

2. Mpango wenyewe

Yatupasa kwanza kukijua kitu, ndipo tuhakiki majina yake. Programu ya kompyuta haiandikwi kama barua, kuanzia juu hadi chini na kutiwa sahihi. Hutengenezwa kidogo kidogo, mara nyingi na watu kadhaa, na hurekebishwa hata baada ya kuanza kutumika. Tuchukue mfano wa programu ya kuandikishia samaki wanaoteremshwa katika madiko ya mkoa wa Tanga, kama Sahare, Deep Sea na Kigombe. Mtengenezaji wake ana jambo zima la kutimiza, yaani programu yenyewe. Jambo hilo amelikata sehemu sehemu: leo ukurasa wa kuingizia uzito wa samaki, kesho orodha ya majina ya vyombo, keshokutwa kuirekebisha hesabu inayokosea pale uzito unapoandikwa kwa nusu kilo. Kila sehemu ina mtu aliyepewa, siku ya kumalizika, na hali yake: haijaanzwa, inafanywa, au imekwisha. Pamoja na sehemu hizo yako maandishi. Kwa nini samaki fulani ameandikwa kwa jina la Tanga na si la Unguja? Wavuvi walisema nini walipoonyeshwa ukurasa wa kwanza? Ni amri gani inayotolewa kwa kompyuta ili hesabu za jana zirudi zikipotea? Majibu ya maswali kama haya yasipoandikwa huondoka na mtu aliyekuwa akiyajua.

Zamani vitu hivi vilitawanyika. Mgawanyo wa kazi ulikuwa kichwani au ukutani, maandishi yalikuwa daftarini, mazungumzo yalikuwa katika barua pepe, na programu yenyewe ilikuwa ndani ya mashine. Katika miaka ya 2000 na iliyofuata zilitokea programu za kuyakusanya yote: Jira mwaka 2002, GitHub mwaka 2008, Trello mwaka 2011, na nyingine nyingi baada ya hizo. Zinatofautiana kwa sura, lakini mpango wake unakaribiana sana, nao una dhana nne zinazohitaji majina. Ya kwanza ni mahali panapokusanya vyote. Ya pili ni jambo zima linalotimizwa. Ya tatu ni sehemu ya jambo hilo, iliyopimwa na kukabidhiwa mtu. Ya nne ni maandishi yanayohifadhi sababu na maarifa. Dhana hizi zimepangana kwa ngazi: mahali hubeba mambo mazima, kila jambo zima hubeba sehemu, na maandishi hushikamana na chochote kati ya hivyo. Mtu asiyeweza kuzitofautisha dhana hizi nne kwa majina yake hawezi kuutumia mpango huo, hata akiwa hodari wa kompyuta namna gani.

Mtumishi wa serikali asidhani kwamba haya hayamhusu. Masjala ni mpango wa jamii hiyo hiyo: kuna chumba, kuna majalada, ndani ya jalada kuna folio zenye namba, na kuna madokezo yanayopanda na kushuka kutoka meza hadi meza. Tangu ilipoundwa Wakala ya Serikali Mtandao mwaka 2012, na baadaye Mamlaka ya Serikali Mtandao kwa Sheria ya mwaka 2019, mwendo wa majalada umekuwa ukihamia katika kompyuta. Programu zinazopokea majalada hayo hutengenezwa na watu waliozoea mpango tulioueleza hapo juu. Ni kawaida mtu kuingiza maneno ya kazi yake katika chombo anachokitengeneza. Kwa hiyo neno linalochaguliwa leo kwa ajili ya mtengeneza programu litamfikia kesho karani wa Muheza na mwalimu wa Pangani.

3. Majina yaliyoenea

Tuanze na palipo sawa. Jambo zima linalotimizwa limeitwa mradi, na jina hili tunalikubali bila ya shaka. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya makusudi, na Kiswahili bado kinaihifadhi maana hiyo tunaposema "mradi afike salama". Katika matumizi ya leo mradi ni kazi kubwa yenye lengo, mwanzo na mwisho, na yenye kazi nyingi ndani yake. Mkazi wa Tanga hahitaji kufundishwa. Akisikia mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, lenye urefu wa kilomita 1,443, anaelewa mara moja kwamba uchimbaji wa mtaro si mradi bali ni kazi mojawapo ya mradi. Vivyo hivyo ubao, kwa maana ya uso unaoonyesha kazi zote na hali zake, ni jina zuri. Linatoka darasani, na linaeleza kitu cha namna ile ile: mahali pa kuandika jambo ili wote walione.

Matatizo yanaanza katika jina la mahali. Tafsiri inayokutwa mara kwa mara ni nafasi ya kazi. Si vigumu kuona ilivyopatikana: neno la kigeni lina sehemu mbili, mfasiri akaifasiri kila sehemu, akaziunganisha. Lakini nafasi ya kazi katika Kiswahili cha Tanzania ni ajira iliyo wazi. Ndivyo yanavyosema magazeti, na ndivyo yanavyosema matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kijana wa Ngamiani anayefungua programu akakuta imeandikwa "Una nafasi 2 za kazi" ana haki ya kwenda kutafuta vyeti vyake. Wengine, kwa kuliona kosa hilo, wamejaribu eneokazi. Neno hili ni fupi na limeundwa vizuri, ila limekwisha kutumiwa katika tafsiri za programu kwa maana ya uso wa kwanza wa skrini, ule unaoonekana kompyuta inapowashwa. Kulipa maana ya pili ni kuwaweka wapangaji wawili katika chumba kimoja.

Jina la sehemu iliyokabidhiwa mtu ndilo lenye vurugu zaidi. Katika programu moja huweza kuonekana majina matatu: kazi, shughuli na jukumu. Kazi ni neno pana mno. Linataja ajira, juhudi, matokeo ya juhudi na hata matumizi ya kitu, kama tunaposema "kazi ya figo". Ukisema "kazi yangu ina kazi 5" hujakosea sarufi, lakini umemwachia msomaji kubahatisha. Shughuli ina balaa lake katika mwambao. Mtu wa Tanga akiambiwa kwamba mwenzake ana shughuli kesho atauliza ni harusi, ni maulidi au ni hitima, na pengine atauliza pia mchango ni kiasi gani. Si kusema kwamba maana ya shughuli kama pilikapilika haipo, la hasha. Ila neno lenye maana ya pili iliyo hai kiasi hicho halifai kuwa istilahi ya jambo linalotakiwa kuhesabiwa. Jukumu nalo ni wajibu unaodumu. Baba ana jukumu la kulea, mwenyekiti wa kijiji ana jukumu la ulinzi. Majukumu haya hayamaliziki siku ya Ijumaa saa 10 jioni. Sehemu tunayoizungumza humalizika, na humalizika ndiyo maana ikapimwa.

Kwa upande wa maandishi, wafasiri wengi wamechagua dokezo. Katika kamusi neno hili ni sahihi, kwani kudokeza ni kuligusa jambo bila ya kulieleza lote. Lakini katika utumishi wa umma dokezo lina kazi rasmi. Ni andishi la ndani ya ofisi, kutoka kwa mtumishi kwenda kwa mkuu wake au kinyume chake, linaloeleza hoja na kuomba au kutoa uamuzi. Mtumishi anayesoma "andika dokezo" atatafuta ni la kwenda kwa nani. Walimu, kwa upande wao, wangependa nukuu, kwa kuwa ndivyo wengi wao wanavyoyaita maandishi ya somo. Neno hili nalo lina maana iliyotangulia, yaani maneno ya mtu yaliyonakiliwa kama yalivyo, na kuliongezea maana nyingine ni kuwatia mashakani wanafunzi wa fasihi.

Limebaki jambo moja dogo lenye madhara makubwa, nalo ni kitenzi cha kumaliza. Kwa kufuata lugha ya kigeni, sehemu ya kazi iliyokwisha husemwa imefungwa. Katika Kiswahili kitu kilichofungwa hakifikiki: mlango umefungwa, ofisi imefungwa, mtu amefungwa. Mwanafunzi anayeona kwamba kazi yake imefungwa atadhani amezuiwa kuifanya, na huenda akaogopa kuuliza.

Majina haya, yakitazamwa moja moja katika orodha, karibu kila moja linaweza kutetewa. Tuyaweke sasa pamoja, kama mtumiaji atakavyoyakuta: "Nafasi yako ya kazi ina mradi 1 wenye shughuli 3. Jukumu 1 limefungwa. Dokezo jipya limeongezwa katika kazi ya pili." Je, shughuli, jukumu na kazi ni vitu vitatu au kimoja? Kilichofungwa kimekwisha au kimezuiwa? Dokezo lasubiri jibu la nani? Hakuna sentensi yenye kosa la sarufi hapo, na hata hivyo hakuna anayeweza kuifanyia kazi habari hiyo kwa uhakika.

4. Tanga na maandishi ya kazi

Mwongozo wa kuunda istilahi ulio maarufu miongoni mwetu hututaka tuanze kutafuta katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Katika fungu hili hatuna haja ya kwenda mbali. Kupima kazi, kuigawa na kuiandika si jambo geni katika mwambao, na Tanga ina historia yake ndefu, yenye mema na machungu.

Tuanze na vyombo. Kitenzi kuunda, ambacho sisi wa fani hii tunakitumia kila siku tunaposema kuunda istilahi, ni kitenzi cha mafundi wa vyombo vya bahari. Fundi huunda chombo: hulaza mkuku, husimamisha mataruma, hupigilia mbao, kisha hukalafati. Mahali pa kazi hiyo paliitwa kiwanda, nalo lilikuwa neno la uwanja wa kazi ya mikono kabla halijachukuliwa na majengo yenye mitambo na moshi. Maneno haya mawili yanatufundisha kwamba neno la kazi halifungwi na ubao au chuma kilicholizaa. Likifaa, husafiri.

Kisha yakaja mashamba. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na miche michache iliyonusurika, 62 kwa hesabu inayotajwa siku zote, ikapandwa karibu na Pangani. Mwaka huo huo ndio ulioanza ujenzi wa reli kutoka Tanga kwenda bara. Mashamba yalihitaji watu, na watu walihitaji kuhesabiwa. Ndipo kadi ikawa chombo cha utawala. Mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, serikali ya Kijerumani ilianzisha kadi zilizowalazimisha wanaume kuwafanyia kazi walowezi siku 30 katika kila miezi 4. Baadaye, katika mashamba ya mkonge ya enzi ya Mwingereza, kipande kilikuwa kadi yenye siku 30 za kazi. Siku ambayo mtu alimaliza kiasi alichopangiwa ilitiwa alama. Siku aliyopungukiwa haikuhesabiwa. Mshahara ulilipwa siku 30 zilipotimia, si mwezi ulipokwisha.

Msomaji ataona kwamba, kwa umbo, kipande hakitofautiani sana na kadi ya sehemu ya kazi katika programu tunazozijadili. Kuna kiasi kilichopimwa, kuna mtu aliyekabidhiwa, kuna alama ya kutimia. Kwa nini basi tusikiite kipande? Jibu liko katika yale yaliyolipata neno lenyewe. Kipande kilichoanza kama kadi ya kuandikia kazi kiligeuka kuwa kitambulisho cha mtu. Nchini Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume Waafrika walilazimishwa kukichukua popote waendapo, kikiwa na alama za vidole vyao. Na lipo neno jingine lililopatwa na mkasa huo mapema zaidi. Kibarua, kama kamusi za zamani zinavyoeleza, ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanya kazi wa kutwa ili akionyeshe apate ujira. Leo nani anakumbuka cheti hicho? Kibarua ni mtu. Karatasi ilimla mwenye karatasi.

Hili ndilo tunaloliita jambo la msingi katika uhakiki huu. Maneno ya kuandikia kazi hayabaki mahali yalipowekwa. Yana tabia ya kuteleza kutoka katika kazi hadi kwa mfanya kazi. Hata sasa, katika lugha ya mipango, watu huitwa rasilimali na kupangwa katika safu moja na fedha na mashine. Mtunga istilahi hawezi kuyazuia mateleko yote, lakini anaweza kuchagua neno ambalo tangu asili linataja kazi na si mtu.

Neno hilo lipo, nalo ni ngwe. Ngwe kwa asili ni kamba, na kutokana na kamba ya kupimia likawa jina la sehemu ya shamba aliyopimiwa mtu alime. Shamba ni moja, ngwe ni nyingi. Kila ngwe ina mpaka, ina mwenyewe kwa wakati huo, na ina mwisho unaoonekana. Aliyemaliza ngwe yake huweza kumsaidia jirani au kupumzika, na hakuna aliyewahi kumwita mtu ngwe. Michezoni neno hili, katika umbo la ungwe, limepewa maana ya kipindi cha mchezo au cha mashindano. Maana hii haipingani na yetu, kwa kuwa nayo ni sehemu iliyopimwa ya jambo moja zima.

5. Mapendekezo

Tunapendekeza fungu lifuatalo, na tunasisitiza kwamba ni fungu, si orodha ya maneno yanayoweza kuchaguliwa moja moja.

Karakana: mahali panapokusanya miradi, ngwe, kumbukumbu na zana za mtengeneza programu mmoja au kundi. Neno hili lilitufikia kutoka Kiajemi kupitia njia za biashara za Bahari ya Hindi, na katika Kiswahili ni mahali ambapo fundi hufanya kazi, huweka zana, na huacha kazi ambayo haijakwisha ili airudie kesho. Hii ya mwisho ndiyo sifa tunayoihitaji. Ofisi huonyesha cheo, ghala huonyesha akiba, bali karakana huonyesha kazi iliyo njiani.

Mradi: jambo zima linalotimizwa, lenye lengo na mwisho.

Ngwe: sehemu ya mradi iliyopimwa, yenye mtu aliyepewa na siku ya kumalizika. Kazi libaki neno la jumla, lisitumiwe kama jina la kitu kinachohesabiwa ndani ya programu.

Kumbukumbu: andishi linalohifadhi sababu, maelezo au maarifa ili lisomwe baadaye na mwandishi au mwingine. Watumishi wamelizoea katika kumbukumbu za mkutano, ambazo nazo huandikwa ili mtu asiyekuwapo ajue kilichoamuliwa na kwa nini.

Dokezo: andishi linalowekwa chini ya ngwe, kutoka kwa mtu kwenda kwa mwenzake, likitaka jibu au uamuzi. Katika programu nyingi maandishi haya yameitwa maoni. Lakini mtu anayeandika "Hesabu ya nusu kilo bado inakosea, tuirekebishe au tuiache?" hatoi maoni. Anafanya kile kile ambacho ofisa hufanya katika jalada. Hivyo neno ambalo halikufaa kwa maandishi yote linafaa sana kwa haya, na ofisi yetu hailazimiki kuliacha.

Kutimia: hali ya ngwe iliyokwisha. Ngwe hutimia, haifungwi. Ngwe iliyoachwa kabla ya kutimia isemwe imeachwa, ili hesabu isiseme uongo.

Kwa majina haya ile habari ya awali itasomeka hivi: "Karakana yako ina mradi 1 wenye ngwe 3. Ngwe 1 imetimia. Dokezo jipya limeongezwa katika ngwe ya pili." Mtu ambaye hajaiona programu hiyo maishani anaweza kueleza nini kiko wapi, nini kimekwisha, na nini kinamsubiri. Hicho ndicho kipimo tunachowaomba wafasiri wakitumie: wasiipeleke istilahi yoyote mbele kabla ya kuiweka katika sentensi pamoja na jirani zake na kumpa mtu wa nje ya fani aisome.

6. Pingamizi

Itasemwa, kwanza, kwamba watengeneza programu wenyewe hutumia maneno ya Kiingereza na hawakutuomba majina. Ni kweli kwamba katika mazungumzo yao Kiingereza ni kingi. Lakini istilahi hazitungwi kwa ajili ya wanaojua tayari. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na kampuni ya Microsoft ilipofuata na Kiswahili katika programu zake, waliokusudiwa hawakuwa wataalamu wa kompyuta. Wataalamu hao walikuwa na Kiingereza chao. Aliyekusudiwa ni yule anayetaka kuitumia kompyuta bila ya kwanza kujifunza lugha nyingine. Huyo bado yupo, na ni wengi.

Itasemwa, pili, kwamba ngwe ni neno la jembe na karakana ni neno la mafuta ya mashine, na kwamba kazi ya programu ni ya akili. Wenye kusema hivi wautazame ulimwengu. Ubao wa kadi ambao watengeneza programu wa nchi zote wanautumia umetokana na utaratibu uliobuniwa katika viwanda vya magari vya Toyota nchini Japani, chini ya Ohno Taiichi, na jina lake, kanban, ni neno la kawaida la Kijapani lenye maana ya kibao cha tangazo. Wajapani hawakuona haya kuuita utaratibu wao kwa jina la kibao cha dukani, na watu wa mataifa mengine wakalipokea jina hilo kama lilivyo. Sisi nasi hatuna sababu ya kulionea haya jembe.

Itasemwa, tatu, kwamba vijana wa mjini hawalijui neno ngwe. Pingamizi hili lina uzito kuliko mengine, na hatulipuuzi. Lakini tovuti halikujulikana na kijana yeyote kwa maana yake ya leo mpaka lilipotumiwa, wakati ngamizi, lililopendekezwa kwa nguvu, lilishindwa na kompyuta huku kwetu, na tarakilishi likapata wenyeji zaidi Kenya. Neno halihukumiwi kwa kujulikana kwake siku ya kwanza. Lahukumiwa kwa kutumika, na halitatumika ikiwa waalimu na wafasiri hawataliandika. Ngwe lina nafuu moja ambayo ngamizi halikuwa nayo: mwalimu anaweza kulieleza kwa kuchora shamba na kamba ubaoni, na darasa zima likaelewa kabla ya kengele.

Yako mambo mengine katika fungu hili ambayo hatukuyagusa kwa urefu. Kasoro ya programu isiitwe mdudu, maana huo ni mzaha wa wenyewe usiochekesha huku, kasoro latosha. Siku ya kumalizika isiitwe tarehe ya mwisho, kwa sababu mtu anaweza kuuliza ni ya mwisho wa nini. Ukomo wa ngwe ni bora. Haya yaweza kuzungumzwa wakati mwingine.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba istilahi za kupangia kazi zinapaswa kutazamwa kama nyumba moja, si kama mawe yaliyolundikwa. Tumeonyesha pia kwamba Kiswahili hakikukosa maneno, yalikosa kuitwa. Mwambao wa Tanga umetupa kuunda, umetupa ngwe, na umetupa pia onyo la kibarua. Ofisi na shule zinazoingiza programu hizi leo zitaandika kazi ya watu wengi kwa miaka mingi. Inafaa siku mtumishi atakapofungua skrini yake na kuona jina lake limeandikwa mbele ya jambo fulani, ajue bila ya kuuliza kwamba hiyo ni ngwe yake, kwamba ina mwisho, na kwamba ikitimia itahesabiwa. Tunawaomba wafasiri, waalimu na watumishi walijaribu fungu hili katika kazi zao, waandike palipowakwaza, na kuleta ushahidi wa matumizi mbele ya kamati za istilahi, kwa kuwa kamati hukata shauri vizuri zaidi zikiwa na sentensi zilizoandikwa na watu kuliko zikiwa na orodha peke yake.